Mbweha hajaandikwa popote

Wazee wangu shikamooni, walimu na wazazi wenzangu habari za asubuhi, na nyie wadogo mliokaa mbele kwenye mkeka naona wengine mshaanza kula visheti kabla ya wakati, sawa tu, kuleni. Mwalimu alinipigia simu wiki iliyopita akasema njoo siku ya wazazi utuongelee umuhimu wa vitabu kwa mtoto. Nikamwambia mwalimu mimi sio mtaalamu, mimi fundi wa chapa, nachapa kadi za harusi na vitabu vya risiti na kalenda, ukiniita niongelee umuhimu nitasinzia mimi mwenyewe kabla ya wazazi. Akacheka, akasema basi njoo na kile kijitabu chako cha kuku. Hapo nikakubali, maana kile kijitabu naweza kukiongelea mpaka mniombe niache.

Ndo hiki hapa, wa nyuma mnakiona? Kimechoka. Mgongo nimeugandisha mara mbili na gundi ya kazini, na kona hii imeliwa, tena sio na panya, imeliwa na mdogo wake binti yangu alipokuwa anaota meno. Nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba pale Posta, kimelala katikati ya kitabu cha uhasibu na riwaya moja nene isiyo na jalada, nikakiokota kwa ajili ya kazi tu, nilitaka kuangalia rangi zilivyokaa kwenye karatasi. Kinaitwa Rosie's Walk, kaandika na kuchora mama mmoja wa Uingereza anaitwa Pat Hutchins, kilitoka 1968 na ndo kilikuwa kitabu chake cha kwanza. Yaani kina umri mkubwa kuliko karibu wote tuliomo humu, na wewe mzee wangu unayecheka pale tunajua umezaliwa lini.

Sasa hadithi yenyewe. Kuku anaitwa Rosie, katoka bandani kwenda kutembea. Kavuka ua, kazunguka bwawa, kapanda lundo la nyasi kavu, kapita kwenye kinu cha unga, kapenya kwenye uzio, kapita chini ya mizinga ya nyuki, karudi kwake kwa wakati, chakula cha jioni kimemkuta. Basi, imeisha. Maneno yote ya kitabu kizima ni 32, nimeyahesabu mimi na mama watoto akayarudia kuhesabu kwa sababu hesabu zangu haziamini, 32, na ni sentensi moja tu iliyokatwa vipande vipande ikatawanywa mwanzo mpaka mwisho. Nikiwasomea hayo maneno peke yake mtasema huyu bwana katupotezea Jumamosi yetu.

Ila kuna mbweha.

Mbweha yupo tangu kuku anatoka bandani, kajilaza chini ya banda lenyewe anamtazama. Kuku akivuka ua, mbweha nyuma yake karuka hewani anataka kumdaka, fungua ukurasa, kaangukia reki, mpini umempiga puani. Kuku anazunguka bwawa, mbweha karuka tena, fungua, yumo majini. Kwenye nyasi kafukiwa. Kwenye kinu kuna gunia la unga linaning'inia juu, mguu wa kuku umenasa kwenye kamba, kuku anapita zake, gunia linammwagikia mbweha. Kwenye uzio kachupa katua ndani ya mkokoteni, mkokoteni ukaanza kuteremka wenyewe, ukaenda kugonga mizinga, na nyuki wa Uingereza hawana tofauti na nyuki wa Manyoni, wamemtoa mbio mpaka ng'ambo ya vilima. Na katika yote hayo, kwenye yale maneno 32, mbweha hatajwi hata mara moja. Hajaandikwa popote. Ukisoma kwa macho yaliyofungwa kwenye herufi kama nilivyosoma mimi usiku wa kwanza, unasoma kitabu cha kuku anayepunga upepo.

Na ndivyo nilivyofanya kweli. Nimetoka kazini nimechoka, binti yangu alikuwa na miaka 3 wakati ule, nikasema hiki kifupi, dakika moja tumemaliza nikalale. Nasoma nageuza, nasoma nageuza. Nikasikia kimkono kimekandamiza ukurasa. Akaniambia, "Baba, mbona huyu humsemi?" Nani? "Huyu!" Nikaangalia, ndo namuona mbweha, na mimi mtu wa chapa, nakula kwa macho yangu, nilikuwa nimepitiliza kurasa nne nikimfuata kuku na maneno yake. Jamani yule mtoto alivyonitazama! Alinitazama kama mimi ninavyomtazama akivaa viatu kushoto kulia.

Sasa nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu ndo jambo lililonileta. Mtoto wa kwetu siku nzima ni mtu wa kutojua. Usishike hicho, kinaungua. Umesalimia? Hujasalimia. Sio hivyo, hivi. Nani kakwambia uongee wakubwa wakiongea? Na mimi sisemi ni vibaya, na wa kwangu nawafundisha shikamoo, ila hebu jiweke wewe, asubuhi mpaka jioni kila mtu anajua kukuzidi, hata kaka yako wa miaka 6 anajua kukuzidi. Alafu saa mbili usiku kinakuja kitu kimoja ambacho wewe usiyejua hata a wala be unakisoma vizuri kuliko baba. Maneno ni ya baba, picha ni zako, na utamu wote uko kwenye picha. Baba anasema kuku kazunguka bwawa, wewe unajua kuna balaa linakuja na baba hajasema, kuku naye hajui, mbweha mwenyewe hajui kama ukurasa unaofuata ataoga. Unayejua ni wewe peke yako. Hicho kicheko mnachokisikia sio cha mbweha kuanguka tu, watu wanaanguka kila siku na mtoto hacheki hivyo. Anacheka kwa sababu alijua kabla.

Wanasaikolojia wana jaribio lao maarufu, la Heinz Wimmer na Josef Perner, lilitoka 1983. Unamsimulia mtoto kuhusu kijana anaitwa Maxi, kaweka chokoleti yake kabati hili, katoka kucheza, nyuma mama yake kaihamishia kabati lile. Maxi akirudi ataitafuta wapi? Mtoto wa miaka 3 atakwambia kabati lile, ilipo sasa, kwa sababu kwake akijua yeye basi dunia nzima inajua. Akikua kidogo, akielekea miaka 5 au 6, wengi wanaanza kusema ataenda kabati la kwanza, masikini, hajui kama imehamishwa. Nilimjaribu binti yangu kwa kashata, nikaficha, nikatoka, mama yake akahamisha mbele ya mtoto, alikuwa bado na miaka 3, akajibu vile vile kama wenzake wa kule, baba ataitafuta pale ilipo sasa, si ipo pale! Sasa yule yule mtoto aliyeshindwa kashata, kwenye kitabu cha kuku alikuwa anapiga kelele, "Kuku, nyuma yako! Nyuma!" Mtu unampigia kelele hivyo kama unahisi hajui, si ndio? Mimi sijui niwaeleze vipi wataalamu, ila nadhani mahali pa kujifunzia kwamba kichwa cha mwenzio sio kichwa chako ni pale unapocheka, pale hakuna anayekuuliza swali na kukuandikia kwenye daftari.

Ukurasa wenyewe unavyofanya kazi ni kitendawili. Nisikilizeni mimi mtu wa karatasi. Pale penye maneno mara nyingi mbweha yuko hewani, miguu haijagusa chini. Hapo kitabu kimesema kitendawili. Mtoto anasema tega. Alafu unageuza, na ukurasa wa jibu hauna neno hata moja, picha tupu, mbweha na reki. Inakwenda hivyo mpaka mwisho, kurasa mbili swali, kurasa mbili jibu. Sisi watu wa pwani tunajua mchezo huo tangu zamani, tofauti hapa anayetega ni karatasi na kidole cha baba ndo kinachelewesha, na ukitaka kumjua mzazi mtundu muangalie anavyogeuza hapo, anashika kona ya ukurasa, anaiinua kidogo, anairudisha, mtoto anakaribia kupasuka.

Na hizi kurasa zisizo na neno ndo zilipotuingiza sisi na Kiswahili chetu. Mwanzoni nilitaka nitafsiri yale maneno 32, nikagundua kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Kiingereza chao, mpaka kuku anaporudi, kinatumia kitendo kimoja tu, katoka kwenda kutembea, alafu vinavyobadilika ni vineno vidogo vya mahali, juu ya, chini ya, kupitia, basi. Kiswahili kimekataa. Kiswahili kinataka kuku afanye kazi. Akavuka. Akazunguka. Akapanda. Akapita. Akapenya. Hebu sikieni hiyo ka, ka, ka, inavyotembea, si ni kuku mwenyewe huyo anatembea? Sikuitunga mimi hiyo, lugha imejipanga yenyewe, ukiisoma kwa sauti hata mguu wako unapiga chini.

Alafu kwenye ukurasa mtupu, mbweha kaangukia bwawani, utasema nini? Utasema "mbweha alianguka ndani ya maji"? Mtoto atakuonea huruma. Unasema chubwi! Kafukiwa na nyasi, fuu! Unga umemmwagikia, mbweha mweupe pe! Katoka majini kalowa chapachapa. Na angekuwa wa huku kwetu Kigamboni akaangukia mchangani ingekuwa tifu. Shuleni tulifundishwa hizi zinaitwa tanakali za sauti, tukazikariri kwa ajili ya mtihani, anguka majini chubwi, anguka mchangani tifu, nikazisahau miaka ishirini, zikaja kunirudia kitandani kwa mtoto nikiwa nimevaa singlendi. Mama watoto ananisikia kutoka jikoni nalia chubwi chubwi, akaniuliza umeanza lini hii kazi.

Na hapo kuna furaha ya mzazi ambayo hatuisemi. Tunasemaga kitabu ni cha mtoto, sisi tunajitolea. Uongo. Mimi kazini ni bosi mdogo, nina vijana wawili chini yangu, lazima nikunje uso kidogo ili kazi itoke. Kwenye daladala nakunja uso, kwenye foleni ya benki nakunja uso, kwenye kikao cha harusi ndo kabisa. Mahali pekee ninapoweza kuwa mbweha aliyepigwa na reki, nikashika pua, nikaanguka juu ya mto nikasema mama weee, ni pale, na hakuna anayeniona chizi, na anayenicheka anataka nirudie. Mtoto anapata nafasi ya kumcheka mkubwa bila kuchapwa, na mkubwa anapata nafasi ya kuchekwa bila kupungukiwa heshima. Sijaona kitu kingine nyumbani kinachofanya yote mawili kwa shilingi elfu mbili.

Kuna mzazi, simtaji na leo hajaja kwa hiyo nina amani, nilimuonyesha hiki kitabu akakifungua fungua akaniuliza, "Kinafundisha nini?" Tumezoea hivyo. Kitabu cha mtoto lazima mwisho kuwe na sungura aliyetubu, fisi aliyeadhibiwa kwa ulafi, na mstari chini unaosema watoto tutii wazazi. Nikamjibu kinafundisha usitembee bila kuangalia reki. Hakucheka. Kwa kweli hiki kitabu hakina funzo, mbweha hatubu, kuku hapewi zawadi, hakuna anayesema lolote kwa yeyote. Na mtoto anakidai kila siku, wakati vile vyenye mafunzo viko juu ya kabati vinakula vumbi, hata kuliwa kona havijaliwa.

Suala la kudai kila siku nalo niliseme haraka maana najua linawachosha. Utasoma leo, kesho, keshokutwa, wiki ya tatu unatamani kukificha chini ya godoro. Chuo Kikuu cha Sussex huko Uingereza walitoa utafiti 2011, watoto wa miaka 3, kundi moja likasomewa hadithi zile zile kwa kurudia, kundi lingine hadithi mbalimbali lakini maneno mapya ni yale yale, na waliorudiwa ndo walioyashika maneno vizuri zaidi. Kwa hiyo mtoto anayesema tena sio mjeuri, yuko kazini. Na ukikaa vizuri utaona hasomi kitu kile kile. Wiki ya kwanza binti alikuwa na mbweha tu. Wiki ya pili akaona vyura bwawani. Siku moja akanionyesha ile kamba kwenye mguu wa kuku, pale kinuni, ambayo mimi nilikuwa sijaiona, na hapo ndo ukazuka ugomvi nyumbani kwetu.

Ugomvi ni huu: Rosie anajua au hajui? Mama watoto anasema hajui, ndo raha yake, kuku mjinga mjinga mwenye bahati anapita salama na adui anajiumiza mwenyewe. Mimi mwanzoni nilisema hajui pia, ila ile kamba ikanitia shaka. Binti akawa hana upande, leo anajua kesho hajui. Tukakaa hivyo mpaka akaja mama mkwe wangu kutoka Kondoa, kaja kutibiwa goti, akakaa kwetu miezi miwili.

Mama hakupata bahati ya shule. Anajua hesabu za sokoni kukuzidi wewe na simu yako, lakini herufi hapana. Jioni ya kwanza mjukuu kamletea kitabu, kamuwekea mapajani, bibi nisomee. Mimi nikashtuka nikataka kuinuka nikachukue, nisije nikamuaibisha mama. Mke wangu akanikonyeza, kaa. Mama akakifungua, akakitazama kimya, kurasa zote, taratibu, mwanzo mpaka mwisho, alafu akarudi mwanzo akasema, "Hadithi hadithi!" Mtoto akaruka, "Hadithi njoo!" Na akaanza. Jamani. Ilichukua nusu saa. Kuku akapewa ukoo, mbweha akapewa njaa ya siku tatu na mke mkali nyumbani anayemuuliza umeleta nini, reki ikawa na mwenyewe aliyeiacha vibaya, unga ukawa unga wa mtama. Maneno 32 hakuna hata moja alilolisoma na hakuna hata moja lililokosekana. Mtoto hakugundua lolote. Kwake bibi anajua kusoma kuliko baba, na mimi siwezi kubisha.

Tukamuuliza mama, sasa huyu kuku anajua? Akatushangaa. "Nyie mmefuga kuku nyie? Kuku macho yako pembeni ya kichwa, anaona mbele anaona na nyuma kidogo. Huyu anamuona vizuri tu. Anampitisha kwa makusudi." Alafu akagusa ile kamba ya kinuni kwa kidole. "Na huu mguu haukunasa." Kesi ikafungwa. Nimesoma kitabu kile mara mia na kitu, akaja mtu asiyejua herufi kanigeuzia hadithi nzima kwa kuwa kafuga kuku.

Ndo maana nikisikia mtu anasema nyumbani kwetu hatusomi kwa sababu bibi hajui kusoma, au dada wa kazi kaishia darasa la nne, nasema mpe kitabu cha picha uondoke hapo. Kitabu cha maneno mengi kingemfunga mama mdomo. Hiki cha maneno machache kimemuachia nafasi.

Sasa mtaniuliza vya kwetu viko wapi, na hapa naingia kazini kwangu kabisa kwa hiyo vumilieni. Karatasi kubwa moja ukiichapa pande mbili ukaikunja mara tatu unapata kurasa 16. Mbili kama hizo ni 32, na ndo maana vitabu vya picha vya watoto vingi duniani vina kurasa 32, sio uchawi, ni mkunjo tu. Shida iko kwenye rangi. Picha ya rangi inataka rangi nne, kila rangi na pleti yake, yaani bamba la kuchapia, kila upande wa karatasi na pleti zake, na hizo pleti unazilipia ukichapa nakala 500 au ukichapa 5000, bei ni ile ile. Wenzetu wanachapa maelfu kwa maelfu, gharama inagawanyika mpaka haionekani. Kwetu mtu anakuja na hadithi nzuri ya fisi, nampigia hesabu ya nakala 500 za rangi, anakaa kimya, ananiambia nichapie ya nyeusi na nyeupe, jalada tu liwe la rangi. Nimechapa vya hivyo na vinasomeka, sivibezi, ila mbweha mweupe pe kwenye kitabu ambacho kila kitu ni cheupe, inabidi msomaji ajitahidi.

Watu wamehangaika na hili kabla yetu. Mradi wa Vitabu vya Watoto hapa Tanzania ulianza 1991 kusukuma vitabu vya Kiswahili vichapwe na vifike mashuleni. Siku hizi kuna tovuti ya African Storybook ya hao ndugu wa shirika la elimu la Saide kule Afrika Kusini, ina hadithi za picha za Kiswahili za bure kabisa, unafungua kwenye simu, au unazishusha unakuja kwangu nakuchapia, na sisemi hivi kwa ajili ya biashara, haya kidogo kwa ajili ya biashara.

Ila kinachonishangaza ni kwamba sisi kuchekea picha sio wageni. Wazee humu mnamkumbuka Chakubanga, yule wa katuni kwenye gazeti la Uhuru. Ndugu zetu Wakenya wamelelewa na Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo. Na sisi wa umri wangu tusidanganyane, gazeti la Sani, lenye katuni za Ndumilakuwili na Lodi Lofa, tulikuwa tunalisoma limefichwa ndani ya daftari la jiografia, mwalimu akilikamata analichukua kwa hasira, alafu mnamuona ofisini anatikisika mabega. Kwa hiyo ucheshi wa picha upo, mikono ya kuchora ipo, tena mingi na mizuri. Wakubwa tulijichorea tukacheka, watoto tukawaachia mafunzo. Kama hapa kuna mchoraji, na najua wapo wawili maana nimewaona wanachora migongo ya kadi, nichoreeni kitu ambacho maneno yanasema moja na picha zinasema lingine, mama anatuma mtoto dukani, maneno yanasema akaenda akarudi, picha ndo zituambie chenji imepita wapi. Pleti tutaongea.

Nimalizie na jambo moja alafu niwaache mkanywe chai. Binti sasa hivi ana miaka 5. Kitabu anakijua chote, anamsomea mdogo wake, anaiga hadi kikohozi changu cha katikati. Ila miezi michache iliyopita tulipofika pale nyuki wanamkimbiza mbweha vilimani, mahali ambapo tangu zamani ndo kicheko kikubwa, hakucheka. Akaangalia. Akaniuliza, "Baba, kuku amerudi kula. Na huyu atakula nini?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia nyumbani kwake watakuwa wamempikia. Akasema bibi alisema mke wake mkali. Nikafunga kitabu, nikazima taa, nikajifanya nimesahau.

Kesho yake narudi kazini nimekikuta mezani kimefunguliwa pale pale kwenye ukurasa wa nyuki, na juu ya mbweha kuna tonge la ugali, dogo, limefinyangwa vizuri, na kashimo ka mboga katikati kama anavyofinyanga bibi yake. Nimejaribu kutoa lile doa la mchuzi kwa kila kitu tunachosafishia karatasi pale kazini, halijatoka. Mtakaopita mezani mtaliona, nimeliwekea alama. Wadogo, mikono mkanawe kwanza.